Siku Nne za Kujifunza Kamera

Lynnet alikuwa na siku nne tu za kujifunza kamera, na maishani mwake hakuwahi kushika hata moja.

"Siku nne ni za kujua kuiwasha na kuizima," Hadiya alimwambia. Duka lake lilikuwa karibu na stendi ya Migori, na alikodisha kamera kuukuu kwa wanaoanza. "Harusi ngoja mwezi mmoja."

"Si harusi, mama. Ni mazishi. Jumamosi, Rodi Kopany."

Hadiya aliyatazama macho yake yaliyovimba, akaacha kubishana. Akamtolea kamera, lenzi moja fupi, memori kadi mbili, betri ya akiba na stendi ya miguu mitatu. Akamfundisha kwa vikombe vya chai juu ya kaunta: weka ile alama ya kijani kwenye jicho la mtu, bonyeza kitufe nusu, ngoja mlio, ndipo umalizie. Jua likiwa nyuma yake, uso utatoka mweusi.

"Na flashi usiwashe mbele ya anayelia," alisema. "Utamtonesha."

Kazi yenyewe Lynnet alijitafutia. Alisikia tangazo la kifo redioni, akapiga namba iliyosomwa, akampata Caleb, ndugu ya marehemu Javan. Alimwambia ndiyo kwanza anaanza, atapiga bure ili watu wamjue. Caleb alishukuru sana. Kamati haikuwa na mpiga picha.

Jumamosi, vijana wawili langoni walikuwa wakimuuliza kila mgeni jina na alikotoka. Walipoona kamera kifuani, wakampisha.

Alifanya kama alivyofunzwa. Alipiga mahema, kwaya, wazee kwenye viti vya plastiki. Jeneza lilipofunguliwa sehemu ya uso, watu waliaga wakipita upesi, wakisukumwa na waliokuwa nyuma yao. Mpiga picha peke yake ndiye aliyesimama pale alivyotaka, na hakuna aliyemwambia asogee.

Picha tatu za kwanza zilitoka na ukungu. Aliiweka kamera kwenye stendi, akashusha pumzi, akapiga ya nne. Uso wa Javan ukatoka wazi, kama amelala mchana.

"Mpiga picha!" Caleb aliita. "Sasa mjane na watoto, kabla hatujashusha!"

Filister, mjane, alipangwa kando ya kaburi na watoto wanne, mkubwa akimshika mkono. Lynnet aliwatazama kupitia kamera kwa muda mrefu.

"Watoto ni hawa wote?" aliuliza. Akakohoa. "Samahani. Vumbi."

"Ni hao wote," Caleb alijibu.

Lynnet akabonyeza.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, watu wakaenda kula. Filister mwenyewe alimletea sahani ya wali na nyama, akaketi kando yake kwenye benchi, amechoka hadi mifupani.

"Kula, nyathina, mwanangu. Nimekuona unajipangusa machozi. Wengine huja kwa sababu ya chakula tu."

"Pole sana, mama."

"Leo nilikuwa na hofu, acha tu nikuambie." Filister alishusha sauti. "Huko Macalder, Javan alikokuwa akichimba dhahabu, kuna mwanamke. Tuliambiwa atakuja hapa kulia mbele ya watu, aniaibishe na watoto wangu. Caleb akawaweka wale vijana wamfukuze. Umezunguka boma lote na hiyo kamera. Hukumwona mtu kama huyo?"

Lynnet aliweka sahani chini. Hakuwa ameigusa.

"Sikumwona, mama."

"Mungu ni mwema," Filister alisema, akamshika bega, akainuka kwenda kwa wageni wengine.

Lynnet alitoa memori kadi kwenye kamera, akaifunga ndani ya leso, akaitia kifuani. Alikunja stendi, akatoka langoni bila kuaga.

Jua lilikuwa linazama alipofika Macalder. Binti yake wa miaka mitatu alitoka mbio, akamkumbatia magoti.

"Mama, umemwona baba?"