Fuko Aliyesema Nakuja

Fuko alifanya kazi chinichini. Wenzake wa shimoni hawakumwona, ila kila asubuhi walikuta sakafu kavu, maana ndiye aliyechimba mifereji ya kutoa maji, bila kuitwa wala kusifiwa. Mlinzi wao, Nguchiro, hakujua kungoja.

Siku moja mto ulianza kujaa. Nungunungu, mwenye shimo, akaamuru: "Tunafunga. Kila mmoja amalize alichoshika, kisha atoke."

Wote wakatoka. Nguchiro akaita, "Fuko, toka!"

"Nakuja!" Fuko akajibu, akazidi kwenda ndani. Mfereji wa mwisho ulikuwa bado wazi upande wa mtoni, na hakuwa tayari kuuacha hivyo.

"Anasema anakuja, kumbe anakwenda!" Nguchiro akafoka. Akamng'ata mguu, akamburuta hadi nje, tope la kuzibia likiwa bado mikononi mwa Fuko.

Mto ukapanda, ukaingia kwa mfereji ule ule, moja kwa moja hadi ghala la Nguchiro.

"Fuko, ndugu yangu, kazibe!" Nguchiro akalia. "Chakula cha wanangu!"

"Nakuja," Fuko akasema, akachechemea kuelekea mtoni.

Safari hii Nguchiro alifumba mdomo, akangoja.