Sigara ya Makuka

Makuka, muuza mafuta ya taa, alimpiga Bi Tatu kwa ubapa wa panga, jino likamtoka bibi wa watu, akalidakia kiganjani.

"Mtaa mzima unapikia mavi ya ng'ombe wako!" alifoka, sigara inayowaka ikimchezacheza mdomoni. "Mafuta yangu ninywe mimi?"

"Kunywa, mwanangu, labda utalainika," alisema Bi Tatu, akatema damu.

Nyuma yake, ndani ya banda walimosimama, mfuko wa gesi ya samadi ulikuwa umevimba kama tumbo la mja mzito. Samadi yote aliikoroga kwa mikono yake, na majiko ya majirani yaliutegemea. Makuka akamsukuma kando, akauchana mfuko toka juu hadi chini. Gesi ikatoka ikipiga mluzi, kisha tope la samadi likamzoa miguu, likamkalisha na kumfunika hadi mabegani.

Harufu ilijaa banda zima. Bi Tatu akarudi kinyumenyume mpaka nje, taratibu.

"Makuka mwanangu, na hiyo sigara?"

Makuka akatoa macho. Kuitema aliogopa, kuivuta aliogopa, na mikono ilikuwa imenasa topeni.

Bi Tatu akalifunga jino lake kwenye pindo la kanga, akasimama mbali, akiitazama sigara inavyozidi kuwa fupi.