Shati la Mumewe

"Kufua marufuku, mama! Njia hii ni ya watu wa mazoezi na baiskeli," mlinzi alifoka, akimzibia Nyamizi njia ya kushukia mtoni kwa rungu.

Kwao, matanga yakiisha, mjane hulifua shati la mumewe mtoni. Lisipofuliwa, marehemu hapumziki.

"Shati moja tu, kaka."

"Kafulie kwako! Mnatuchafulia mandhari."

Nyuma yao kengele ya baiskeli ililia. "Mtoe huyo, tupite!"

"Na kuogelea je?" Nyamizi aliuliza.

"Ruksa. Kwani wewe unajua?" Mlinzi alicheka.

Nyamizi akalivaa shati juu ya gauni, akafunga vifungo vyote, akampita. Maji yalipomfika kifuani, filimbi ya mlinzi ikalia. Hakugeuka. Mikono mirefu ya shati ilijaa maji, ikainuka, ikaelea mbele yake.