Mkasi Mfukoni

Mkunga alimlaza mtoto mchanga kwenye mizani, akampima mara mbili. Kilo moja na gramu mia nane.

"Mbona mdogo hivi, mama? Kadi yako inasema uliongezeka uzito kila mwezi."

Mama mtu, fundi cherehani, alimtazama mwanawe aliyelala pale uchi, mbavu zikihesabika. Tangu kazi zikauke, alikuwa akishindia chai ya rangi. Siku za kliniki, asije akagombezwa mbele za wenzake, alitia mkasi wake mkubwa mfukoni kabla ya kupanda mizani. Kadiri mimba ilivyokua, akaongeza na vyuma vya cherehani.

"Nilikuwa na mkasi mfukoni, dada. Kila mliponipima."

Mkunga aliikunja kadi. Hakufoka. Alimvisha mtoto kofia, akamweka kifuani kwa mama yake.

"Na leo umekula nini?"