Pengwini Nyuma ya Nyumba

Asubuhi, kwenye pwani ya baridi ya kusini, Sikudhani alimkuta pengwini amejibanza nyuma ya nyumba yake, manyoya yakimnyonyoka kama pamba ya godoro lililochanika. Wenzake walikuwa wameshaingia baharini. Akamdhania mgonjwa, akamfunika blanketi, akambeba hadi ufukweni ili awafuate.

"Mwache, dada!" jirani yake Kombo alimpigia kelele. "Anaota manyoya mapya. Akiingia majini sasa, baridi itamuua."

"Sasa atakula nini?"

"Hali kitu. Atasimama tu mpaka yakamilike."

Akamrudisha. Tangu amzike mumewe, Sikudhani alikuwa hakai nje; siku hiyo alitoa kigoda, akaketi mbali kidogo na ndege, akifukuza mbwa. Kesho yake pia, na siku zilizofuata. Hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Hatimaye pengwini akang'aa, mweusi, amekonda, akateremka baharini bila kugeuka. Sikudhani alimfuata mpaka maji yakamfika magotini, akaita, "Haya, nenda!" kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. Mbele, vichwa vyeusi viliibuka kwenye wimbi, vingi. Akasimama palepale, kiganja juu ya macho, akijaribu kumtambua wake.