Kiganja Ukutani

Dahabo alikula vumbi kutwa nzima ili aone alama ya kiganja cha marehemu mama yake. Katika mji ule mkongwe, kila bibi harusi hubonyeza kiganja kwenye udongo mbichi, kando ya mlango wa nyumba anakoolewa. Lakini ukuta aliukuta laini kama sahani.

"Tumeukandika upya juzi," alisema Guyo, mlinzi wa nyumba, kwa fahari. "Wageni hawapendi kuta chafu."

"Na mimi ni nani?"

Dahabo alifungua chupa yake ya maji, akaumwagia ukuta, akaanza kusugua.

"Dada, kisima kimekauka. Hayo ndiyo maji yako ya njiani."

Alizidi kusugua. Alama ya kidole cha mwisho ikatokeza, kisha nusu ya kile cha pete. Maji yakaisha, na udongo ukaanza kukauka chini ya mkono wake.