Usukani Mwepesi

Siku hizi usukani humpima dereva mikono, na kadiri anavyopungukiwa nguvu ndivyo unavyojilainisha. Basi, usukani wa gari la Bi Nasra ulipokuwa mwepesi ghafla, fundi Kombo alikagua pampu, mafuta na nyaya, akafunga boneti.

"Gari ni zima, mama. Nenda hospitali leo hii."

Daktari alisema angechelewa wiki tu, kiharusi kingemwangusha. Akatibiwa, akapona, usukani ukarudia uzito wake. Tangu hapo kila akishuka hulipapasa gari: "Ahsante, mwanangu."

Jana alimwazima binti yake, Raya, gari hilo aende sokoni. Raya akarudi anacheka.

"Mama, gari lako tamu! Nimekata kona kwa kidole kimoja."

Bi Nasra, aliyekuwa ameshainua mkono kulishukuru gari, aliuacha hewani.